Mpiga Debe

Julai, Sohar, mtaa wa Hambar,
chumba cha uani nyuma ya duka la mshonaji.
Ukutani nimegandisha trei za mayai,
mlangoni nimetundika mablanketi mawili,
na kiyoyozi nimekizima
maana kinanguruma kuushinda msondo.
Basi tunaiva.

Sangur kavua kanzu, kabaki na kikoi.
Ngozi inalegea kwa unyevu,
naye anaikausha kwa pasi ya mshonaji,
anaipitisha juu juu, haigusi,
kama anyooshaye shela ya bibi harusi wa watu.
Marhun yuko kwenye chapuo.
Mpiga debe hajaja.
Simu yake inaita mpaka inachoka.

"Tuanze," anasema Sangur.
"Debe tuliachie nafasi, mwenyewe akija ataingia."
Nikadhani mzaha.
Nafasi ya mtu huachwa kwenye sinia la wali,
kwenye ngoma sijapata kuona.

Nikabonyeza. Taa nyekundu.

Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi,
safi ya kuchosha, kama sakafu ya hospitali.
Ya tatu, jasho likamwingia Sangur jichoni,
mkono wa kushoto ukateleza
ukapiga mti badala ya ngozi,
na pigo la nne
halikuja.

Shimo.
Nilikwisha kunyoosha kidole nizime.

Ndipo nje, uchochoroni,
muuza gesi akagonga mtungi kwa spana:
nga. Nga-nga.
Ndani ya shimo lile lile,
kama ufunguo uliozaliwa na kufuli yake.

Sangur hakunitazama mimi. Alitazama ukuta,
upande sauti ilikotoka,
akajibu.
Kimya.
Akauliza tena, kwa vidole tu.
Nga-nga. Nga.
Marhun akacheka bila sauti, meno yote nje,
chapuo likashika mbio,
na kwa dakika sita na nusu
ngoma ikamfuata mtu asiyejua anafuatwa,
mlango hadi mlango, mtaa mzima,
mpaka alipopiga honi ya gari
na Sangur akafunga hapo hapo, juu ya honi,
utadhani waliagana tangu juzi.

Fairuzi akaingia, debe kwapani, anahema.
"Nimechelewa?"
"Ulishapiga," Sangur akamwambia. "Kaa, unywe maji."

Yarub, mwenye fedha zake, alisikiliza garini.
Nzuri, akasema. Toa chuma. Toa honi.
Nikatoa. Ikabaki kama kinywa
kilichong'olewa meno ya mbele,
kinatabasamu kwa adabu.

Alhamisi tukamtafuta mtu wa gesi, tukamleta.
Shafiqul, kwao Silheti, mwaka wa kumi na moja Sohar.
Tukampa kiti, laban baridi,
maikrofoni ghali kuliko gari lake,
na mtungi mtupu, kwani uliojaa hauna la kusema.
Akagonga. Sawasawa. Kila pigo mahali pake.
Mara saba tulirudia,
na mara saba ilikuwa chuma kinagongwa.

"Tumemtia hesabu kichwani," alisema Sangur,
na yeye mwenyewe akajaribu kuteleza makusudi.
Lakini mkono ukiambiwa uteleze, hushika.

Kwa hiyo mtakachosikia ni kile cha kwanza,
pamoja na jicho lenye jasho, na ubao, na honi.
Sikusafisha kitu. Ukisikiliza sana, dakika ya tatu,
utasikia pumzi yangu: nilikuwa karibu kuharibu.
Kwenye karatasi nimeandika,
msondo, Sangur bin Almasi; chapuo, Marhun;
mpiga debe, Shafiqul,
na Fairuzi kanuna mpaka leo.

Tulimpa riali ishirini, akazikunja ndogo ndogo.
Akasimama kati ya blanketi na blanketi,
spana mkononi, akitutazama mmoja mmoja
kama watu waliosahau jambo.

"Haya," akasema. "Na gesi hamtaki?"